Kima kwenye mgongo wa Bobi

SWALI: Jambo Dokta. Shemeji yangu alinunua mtoto wa kima barabarani akitoka Kavumu, amefungwa kamba kiunoni, hana hata nguvu ya kulia. Mbwa wetu Bobi, mkali hata kwa kuku wa jirani, amemfanya mtoto wake. Anambeba mgongoni wakizunguka parsele nzima, usiku wanalalia gunia moja. Majirani wanakuja kupiga picha. Baba watoto anataka tumpeleke kwa wahifadhi. Je, Bobi hatakonda kwa huzuni? (Mama Mapacha, Panzi, Bukavu)

JIBU: Mama Mapacha, barua yako nimeisoma nikipapasa kovu la kidole changu.

Zamani, tukikaa Nguba, nilikuwa na mbwa jike, Pasi, na kima yatima tuliyemwita Kadogo. Kadogo alikuwa akifunua sikio la Pasi kwa vidole viwili, analichambua unyoya kwa unyoya, akipata kupe anamtia mdomoni. Pasi anafumba macho tu. Enzi zile simu za picha hazikuwepo, la sivyo ningekuwa maarufu.

Upendo ule ni wa kweli, sikubishii. Mtoto wa kima tangu azaliwe hushikilia manyoya ya tumbo la mama. Mama akiuawa, mikono inatafuta manyoya mengine, na Bobi anayo, yenye joto. Lakini Bobi hawezi kumfundisha ukima: amwogope nani katika kundi, akikunjiwa uso afanye nini. Kadogo alipoota meno ya mbele yale marefu, akawa mlinzi wa bakuli la Pasi. Siku nilipoligusa, alinitafuna hadi mfupa. Nikamfunga mnyororo kwenye mpera, na Pasi akawa anapita mbali. Alivyoisha sipendi kusimulia.

Baba watoto ana haki. Kule Lwiro, Kabare, pembeni ya mbuga ya Kahuzi-Biega, kuna kituo cha sokwe na kima yatima tangu 2002. Mgeni anatengwa kwanza, anapimwa magonjwa, kisha anaunganishwa na wenzake. Ulizeni ICCN, taasisi ya serikali ya kuhifadhi mbuga na wanyama, namna ya kumfikisha. Msimwachie porini wenyewe: kundi geni laweza kumuua, tena atawapelekea mafua yenu.

Na shemeji asinunue tena, hata kwa huruma. Ili mtoto apatikane, mara nyingi mama hupigwa risasi, na yule muuzaji sasa anajua mteja yupo.

Wakati mnasubiri, Bobi achanjwe kichaa cha mbwa. Yeyote akiumwa au kukwaruzwa na mmoja wao, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, asingoje kesho.

Bobi atamtafuta, ndiyo. Siku kadhaa atanusa kila kona, huenda akaacha fufu lake. Tembeeni naye asubuhi, na lile gunia msilifue kwanza.