Mwenyeji naye apande jahazi la machweo

Wiki hii mmetuuliza: ni starehe gani ya watalii ambayo mwenyeji naye angefaa kuionja? Mimi nasema jahazi la jioni, lile linalotoka ufukweni Shangani, Unguja, likapita mbele ya Mji Mkongwe huku abiria wakila. Najua watakachosema jirani zangu: bahari tunaiona kila siku, na samaki tunakula nyumbani. Hilo la samaki nawapa. Kwa chakula peke yake, baki kwako.

Kinacholipiwa pale ni kuuona mji kwa uso wake. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, Kasri, Zahanati Kongwe na roshani zake za mbao zilizonakshiwa, vyote vimeelekea baharini, maana wageni wa enzi hizo walikuja kwa vyombo. Ukipita barabara ya Mizingani kwa gari unaambulia ukuta, nguzo, mlango. Ukiwa majini yote yanajipanga mstari mmoja, na nyuma yake minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu inachungulia juu ya mabati. Beit al-Ajaib ilipobomoka sehemu Desemba 2020, ukubwa wa lile pengo niliuelewa nilipolitazama kutoka chomboni, ingawa bustani ya Forodhani nilishasimama mara nyingi.

Na maji yenyewe yana kisa. Tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipoipiga kasri kwa mizinga katika vita visivyotimia hata saa moja, meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ilizamishwa hapo hapo bandarini. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji hadi 1912. Watembeza wageni wengi hawalisemi hili, wanakimbilia habari za kobe wa kisiwa cha Changuu.

Nilimpeleka mama mkwe wangu, mtu wa Tabora. Upepo ulipolijaza tanga na chombo kikalalia upande wa demani, ule upepo unakoelekea, alinikamata mkono. “Baba, hiki kina breki?” Nahodha akamsikia kutoka kwenye usukani. “Breki ni mimi, mama.” Alicheka mpaka tukaupita mtaa wa Malindi, na hofu ikaishia hapo.

Hofu hiyo sidharau. Kwetu visiwani bahari ni njia ya kusafiria, na tangu MV Spice Islander I ilipozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, zipo nyumba ambazo huwezi kutaja matembezi ya majini ukaeleweka. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza maboya ya kuvaa yako wapi na yanatosha watu wangapi. Nahodha anayenuna kwa swali hilo, mwache na chombo chake. Upande wa Mji Mkongwe una nafuu: kusi linavuma kutoka kusini-mashariki, kisiwa chenyewe kinalikinga, na mara nyingi maji huwa yametulia.

Lawama yangu ni moja, ratiba. Huku kwetu jua huzama kati ya saa 12 na saa 12 na robo tatu jioni mwaka mzima, na halina mbwembwe: likishagusa maji, dakika kama 2 tu limekwisha, na baada ya nusu saa giza limeshika. Sasa chombo kimoja nilichopanda walipakua wakati ule ule. Watu wameinamia sahani, wanachambua miba ya changu, wakainua vichwa jua limekwenda. Juu yake, spika ilipigwa kwa nguvu hata adhana ya magharibi kutoka misikiti ya mjini, ambayo majini hufika kwa zamu, mmoja ukianza mwingine unaitikia, hatukuisikia. Wenye vyombo, pakueni likishazama! Na zimeni hiyo spika japo robo saa.

Kuhusu chakula chenyewe, agiza vya kushika mkononi: mishkaki, pweza wa kuchoma, mkate wa kumimina, embe. Wali wa nazi ni mtamu popote, lakini chombo kikigeuza tanga sahani inahamia kwa jirani.

Bei? Uliza bei ya mkaazi, usione haya. Familia mbili tatu mkikodi chombo kizima mnagawana, na watoto wanapata nafasi ya kumsumbua baharia kwa maswali. Nendeni pia mkiwa mmeuliza habari za maji: siku za bamvua, yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yakitoka hutoka mbali, mtatembea na viatu mkononi kukifuata chombo.

Mkishuka, Forodhani bado wanakaanga. Urojo unywe hapo, umekaa juu ya ukuta. Chomboni ungekumwagikia kanzu.