Nilivyompeleka mwanangu kwenye vipimo vya saikolojia

Mwanangu wa pili alifika darasa la tatu kusoma kukiwa bado kunamtesa. Ukimwandikia "baba", "kaka", "meza", anasoma. Ukimwandikia "ng'ombe" au "kunywa" anasimama, anaanza upya, midomo inacheza bila sauti, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Mtume dukani vitu vitatu, atarudi na kimoja, ila chenji haipungui hata shilingi. Mnyororo wa baiskeli ya babake ukichomoka, yeye ndiye anayeurudisha, na hakuna aliyemfundisha.

Mwalimu wake ana watoto zaidi ya 80 darasani, lakini huyu alimwona. Aliniita pembeni akaniambia, "Mama, huyu mtoto si mvivu. Mtafutieni mtu wa kumpima."

Kumpima nini? Hapa Tanga ukitaja vipimo vya akili, mtu anafikiria Lutindi kule Korogwe, au Mirembe ya Dodoma. Jirani yangu mmoja wa Makorora, mtu mzima ninayemheshimu, aliniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto ameanza kuongea peke yake. Sikumlaumu, maana hata mimi nilikuwa na hofu hiyohiyo. Baadaye nikajua kwamba vipimo vya namna hii vilianzia kwa watoto wa shule. Mwaka 1905 kule Ufaransa, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitengeneza maswali ya kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani. Jambo hilo ningelijua mapema ningelala usingizi.

Kabla ya yote, mpime mtoto macho na masikio. Sisi tulianzia Bombo, hospitali ya mkoa hapa Tanga. Mtoto asiyeona ubao vizuri au asiyesikia vizuri anaweza kuonekana mzito wa kuelewa, na mwanasaikolojia yeyote makini atakuuliza hilo kwanza. Majibu yetu yalikuwa mazuri, ndipo tukaelekezwa kwa mwanasaikolojia Dar es Salaam.

Sasa nije kwenye kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Siku ya kwanza mtoto hapimwi. Ni mahojiano na mzazi, kwetu yalichukua zaidi ya saa moja. Utaulizwa mimba ilikuwaje, alizaliwa kwa miezi mingapi, alilia palepale au alichelewa, alitembea lini, alianza kusema lini, amewahi kulazwa, amewahi kuanguka, nani mwingine kwenye ukoo alipata shida ya kusoma. Beba kadi ya kliniki, daftari zake na ripoti za shule. Daftari lenye makosa lina faida kuliko lile alilolipanga vizuri.

Mimi niliingia na mama mkwe wangu. Alisafiri nasi kwa mapenzi yake, kwani mjukuu huyu ni roho yake. Mwanasaikolojia, ambaye sisi tulimwita daktari, akauliza, "Amewahi kupata degedege, au kupoteza fahamu?" Nikajibu hapana.

Alikuwa amepata. Akiwa na miaka miwili alishikwa na homa kali, akakaza mwili, macho yakageuka. Mama mkwe alimpeleka kwanza kwa mtu wa kumfukiza, kwa sababu kwa kizazi chake degedege si la sindano. Tulifika hospitali usiku, mtoto hajitambui, wakasema malaria imepanda kichwani. Alizinduka kesho yake jioni. Pale mbele ya daktari ningeanzaje kuyasema, yeye amekaa kando yangu na kanga yake kichwani? Nilimsitiri mkwe wangu, nikamnyima mwanangu.

Malaria iliyofika kwenye ubongo inaweza kumwachia mtoto shida za kumbukumbu na umakini ambazo zinakuja kuonekana akianza shule. Degedege fupi la homa, kwa watoto wengi, halidhuru akili. Mpimaji anahitaji kujua lilikuwa lipi kati ya hayo. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, kama kuna neno huwezi kulisema mbele ya mkweo, mumeo au dada yako, omba kuonana na daktari peke yako. Wamezoea. Sema habari za mganga, sema kama mtoto anapigwa nyumbani, sema kama baba anakunywa. Hawaulizi ili wakuhukumu.

Siku ya kupimwa ilikuwa nyingine, asubuhi. Tulifika Dar siku moja kabla, tukalala kwa wifi yangu Mbagala. Usithubutu kutoka stendi ya Kange, hapa Tanga, na basi la alfajiri halafu umkalishe mtoto kwenye kipimo mchana wa siku hiyohiyo. Atakachopimwa hapo ni uchovu. Alale vizuri, anywe chai ashibe, na kama ana miwani avae. Kama anatumia dawa yoyote, mwulize daktari mapema kama ameze siku hiyo au la.

Nilimwambia mwanangu ukweli: "Unakwenda kwa mama mmoja anayetaka kujua kichwa chako kinavyofanya kazi. Mengine yatakuwa rahisi, mengine magumu, na ugumu ule umewekwa makusudi." Hakuna sindano, hakuna kutolewa damu, hakuna nyaya za kichwani. Mwanasaikolojia haandiki dawa.

Mzazi kwa kawaida anasubiri nje, lakini mlango ulikuwa na kioo na niliona kidogo. Walianza na salamu na stori za mpira. Kisha vikatoka vipande vya mchezo, vya mraba, vyenye rangi nyekundu na nyeupe, mtoto anapewa mchoro na kuambiwa aujenge. Hapo mwanangu aliinamia meza kama fundi. Daktari ana saa mkononi na anaandika: anavyoshika kipande, anavyokosea, anavyorekebisha. Halafu ikaja sehemu ya namba. Anasomewa tarakimu chache, anazirudia. Kisha anasomewa nyingine na kuambiwa azirudie kinyumenyume. Niliona mabega yake yakishuka. Alitazama dari, akatazama mlango, akanitafuta. Nilitamani kuingia. Usiingie, wala usimwonyeshe ishara.

Wala usimfundishe kabla. Kuna wazazi wanatafuta maswali mtandaoni ili mtoto "afaulu". Hakuna kufaulu. Ukimkaririsha majibu, ripoti itasema hana shida, na atarudi kwenye darasa lilelile na mzigo uleule.

Ilichukua karibu saa tatu, na mapumziko mawili ya juisi na andazi. Wengine wanagawanya kwa siku mbili. Nyumbani tulirudi na fomu ya mwalimu, ya kuweka alama mtoto anafanya jambo fulani kamwe, mara chache au mara nyingi. Mpe mwalimu mapema na muda wa kutosha.

Uliza bei kabla ya kuanza: ni kwa kila kikao au kwa tathmini nzima, na ripoti ya maandishi imo ndani? Kama una bima, iulize yenyewe, usiishie kwa mtu wa mapokezi. Uliza pia lugha. Mtoto wangu anasoma shule ya serikali, Kiswahili tupu. Angepimwa kwa Kiingereza, kingepimwa Kiingereza chake. Kipimo kimojawapo alichofanyiwa kimetokana na kazi ya mwanasaikolojia David Wechsler wa Marekani, aliyetoa toleo la watoto la kipimo chake cha akili mwaka 1949, na tangu hapo limerekebishwa mara kadhaa. Daktari alinieleza wazi kwamba mizani ya kulinganishia imetoka kwa watoto wa huko, kwa hiyo namba peke yake hawezi kuiamini. Anaisoma pamoja na daftari, fomu ya mwalimu na mahojiano. Mpimaji anayekupa namba tu bila maelezo hayo, mwulize zaidi.

Majibu tulipewa baada ya wiki mbili, ana kwa ana. Mume wangu alikuja. Alipoona "25" kwenye karatasi uso ulimbadilika. Kwenye mtihani wa shule, 25 kwa 100 ni kilio. Daktari akachora mstari wa watoto 100 wa umri mmoja waliopangwa kuanzia chini. Ile 25 ilikuwa nafasi ya mtoto kwenye mstari ule, na kwenye kipimo ambacho katikati ni 100, ni sawa na alama 90. Karibu theluthi mbili ya watoto huwa kati ya 85 na 115. Mwanangu alikuwa ndani. Kwenye vile vipande vyekundu na vyeupe alikuwa juu kabisa ya katikati. Kilichokuwa chini ni kumbukumbu ya kushika vitu kichwani huku ukivifanyia kazi, na kasi ya kusoma. Likatajwa neno disleksia, yaani shida ya kusoma na kuandika isiyotokana na uvivu wala upungufu wa akili.

Kisha daktari akauliza tena kuhusu degedege. Nikanyamaza. Mama mkwe ndiye aliyesema: "Alipata, mwanangu. Mimi ndiye niliyechelewesha hospitali." Alisema huku anatazama mikono yake. Daktari alimshukuru, akamwita mama, akaweka ripoti pembeni mpaka mtoto aonwe na daktari bingwa wa watoto. Hiyo ilikuwa safari nyingine na nauli nyingine ambayo ningeiokoa kwa sentensi moja siku ya kwanza.

Ripoti kamili naiweka na kadi yake ya kliniki. Mwalimu nilimpa kurasa za mapendekezo peke yake, nazo zinamtosha: asimsomeshe kwa sauti mbele ya wenzake ghafla, amsomee swali la hesabu, ampe maelekezo moja moja. Kupimwa tena tutasubiri, kwani kipimo kilekile kikirudiwa mapema alama hupanda kwa mazoea.

Jioni baada ya alasiri wanakaa barazani na bibi yake. Anaweka kipande cha boksi chini ya mstari, anasoma, anakwama, anaanza upya. Bibi hamharakishi.