"I go" au "I am going"? Kipimo unacho katika Kiswahili chako

SWALI: Ndugu Mhariri wa safu ya lugha, nafanya kazi mapokezi katika nyumba ndogo ya wageni hapa Unguja. Juzi asubuhi mgeni mmoja aliteremka ngazi na mizigo yake, nami nikamuuliza "Where do you go?" nikikusudia "Unakwenda wapi?" Alisimama, akanitazama, kisha akaniuliza kama nataka kujua sehemu anazopenda kutembelea. Mwenzangu akaniambia kwamba nilipaswa kusema "are you going". Tangu siku hiyo nikaona heri nitumie "am going" na "is going" kila mahali, lakini mwanangu wa darasa la sita aliandika kwa msaada wangu "My father is going to work every day", na mwalimu wake akaikata sentensi hiyo kwa wino mwekundu. Mbona Kiswahili kinatosheka na "anakwenda" moja tu? Nitajuaje wakati wa kutumia hii na wakati wa kutumia ile? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Ndugu msomaji, usijilaumu, kwa maana kosa hili linatokana na upana wa kiambishi chetu cha -na-. Tunaposema "Baba anakwenda kazini", pengine baba yuko njiani sasa hivi, pengine anafunga viatu ajitayarishe kutoka, na pengine tunaeleza tu kwamba ana ajira na hashindi nyumbani. Msikilizaji huipata maana kutokana na mazungumzo yenyewe. Kiingereza hakimwachii msikilizaji kazi hiyo, bali humtaka msemaji aamue kabla ya kufungua kinywa kama anazungumzia mazoea au jambo linaloendelea.

Kipimo cha kuamua, hata hivyo, tunacho sisi wenyewe, nacho ni kiambishi cha hu-. Kabla hujasema sentensi yako kwa Kiingereza, jaribu kuondoa "anakwenda" na kuweka "huenda". Ukisema "Baba huenda kazini kila siku", sentensi inasimama vizuri na maana haibadiliki. Basi Kiingereza chake ni "My father goes to work every day", na mwalimu alikuwa na haki. Sasa rudi kwa mgeni wako aliyesimama ngazini na sanduku mkononi, umuulize "Wewe huenda wapi?" Hakuna Mswahili atakayemuuliza hivyo mtu anayeondoka, lakini ndilo swali hasa alilolisikia kwa maneno yako, "Where do you go?" Pale ambapo hu- inakataa kuingia, kwa kawaida tumia "am going", "is going" au "are going".

Nakuomba uwe mwangalifu na ile "am", kwa sababu wanafunzi wengi huidhani kuwa ndiyo -na- ya Kiingereza, wakaandika "I am go". Neno "am" peke yake halibebi maana ya kuendelea. Ni "am" na "-ing" kwa pamoja zinazoibeba, na ukiiacha moja, nyingine inabaki haina kazi.

Mwanao atakumbana pia na "go" na "goes". Sisi tumezoea kumtaja mtendaji mwanzoni mwa kitenzi, ninakwenda, unakwenda, wanakwenda, ilhali Kiingereza cha leo kinasema "go" kwa wote isipokuwa yule mmoja anayezungumziwa, yaani he, she au it, ambaye hupewa "goes". Zamani viambishi hivyo vya mwisho vilikuwa vingi zaidi, na katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 mtu husoma "goest" na "goeth". Hii -s ndiyo iliyosalia katika matumizi ya kila siku. Watoto hujikwaa zaidi katika kukanusha na kuuliza. Mara "does" inapoingia, inakuwa imekwisha kuichukua ile -s, na kitenzi kinarudi kuwa "go": "She does not go", "Does she go?" Anayeandika "She does not goes" ameihesabu -s mara mbili. Hapa nasi tuna jambo linalofanana kidogo, kwa kuwa hu- haina umbo lake la kukanusha, hivyo "huenda" na "anakwenda" zote zinakanushwa kwa "haendi".

Kwa kazi yako ya mapokezi ipo hali moja inayokipita kipimo changu, nayo ni ratiba. Mgeni akiuliza kuhusu boti ya kesho, unaweza kumjibu "It goes at seven" ingawa safari bado haijafika, kwa sababu Kiingereza huihesabu ratiba kama jambo lililokwisha kupangwa. Zingatia kwamba "seven" hiyo ni saa moja yetu ya asubuhi. Katika kufasiri saa ndiko mgeni anakoweza kuachwa na boti.

Vilevile utasikia "It is going to rain", wala mvua haiendi popote. Hapo "going to" inaashiria jambo linalokaribia kutokea, kama tunavyosema kwamba mvua inataka kunyesha, nasi hatumaanishi kuwa mvua ina matakwa. Tunapozungumzia watu, Kiswahili na Kiingereza vimekaribiana zaidi: "naenda kulala" na "I am going to sleep" zimepita njia moja.

Limebaki swali lako la ngazini. "Where are you going?" ni sahihi kisarufi, lakini swali ambalo kwetu ni sehemu ya kujuliana hali, mgeni kutoka Uingereza au Marekani anaweza kulichukulia kuwa ni kuingilia mambo yake. Ukimwona na mizigo, muulize "Are you going to the airport?" au "Are you going to the ferry?" Ataelewa kwamba unataka kumwitia teksi.