Usivute kichwa kikavu: jibu kwa aliyeokota Barbie kwenye mitumba

Dadangu, umesema umempata mwanasesere wa Barbie kwenye mitumba hapo Malindi, nywele zimekatwa ovyo, shavuni ana michoro ya kalamu, nawe wataka kumtoa kichwa umpe nywele mpya na uso mpya. Ukauliza kama uvute tu au kuna ufundi wake. Wenzetu wamekujibu "vuta kwa nguvu, hutoka". Kutoka hutoka, ila mara nyingi hutoka na kipande cha shingo. Mimi ni msusi hapa Langoni, Lamu, na kazi hii ya wanasesere huifanya jioni nikishafunga saluni. Nikueleze ninavyoifanya.

Kwanza jua umeshika plastiki gani. Hilo ndilo jambo lenyewe, mengine yote hufuata hapo. Kichwa cha Barbie ni vinaili laini, ukikibonyeza kinabonyea. Kiwiliwili ni plastiki ngumu, ukikigonga kwa ukucha kinalia. Mikono na miguu hutofautiana toleo kwa toleo, basi ibonyeze mmoja mmoja usikisie. Maji moto yanayolegeza kichwa hayakifanyi kiwiliwili kitu. Asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, inayofuta rangi ya uso bila kukiumiza kichwa, ikidondokea kifua inakila: pale ilipogusa panakuwa na ukungu mweupe uliokwaruza, na doa hilo hulitoi tena. Nikisikia mtu asema mwanasesere wake "ameyeyuka", najua alipaka dawa ya plastiki moja kwenye plastiki nyingine.

La pili, mtazame ni nani kabla hujamgusa. Mgeuze usome maandishi ya mgongoni au matakoni. Ukikuta 1966 usipige vigelegele. Huo ni mwaka wa haki ya muundo wa kiwiliwili, na Mattel, kampuni inayomtengeneza Barbie, waliendelea kuuchapa hadi miaka ya 1990, kwa hiyo Barbie wa juzijuzi anaweza kubeba tarehe ya bibi yake. Mwaka wa kichwa huandikwa kwenye ukingo wa ndani, nyuma ya shingo, na wenyewe pia ni mwaka wa muundo. Lakini ukiona neno Japan chini ya unyayo au matakoni, simama hapo hapo. Barbie alianza kuuzwa 1959 na wa miaka ya mwanzo walitengenezwa Japani; wale wa kwanza kabisa wana matundu kwenye nyayo yenye vibomba vya shaba vya kusimamia kwenye kigingi. Huyo usimfungue, hata kama nywele zimeharibika. Wakusanyaji huchungulia shingo kabla ya kutaja bei, na shingo iliyopasuka huiteremsha. Wako, kwa ulivyomweleza, ni wa kawaida na keshachezewa. Huyo ndiye hasa wa kujifunzia. Aliye ndani ya boksi lake mwachie anayependa maboksi.

Haya, kichwa. Shingo inapanda ndani ya kichwa na kuishia kwenye kifundo kipana kuliko tundu la kuingilia. Kwa wengi wa zamani kifundo hicho ni mviringo, hakina maneno. Kwa wengi waliofuata ni kama nanga: kijiti chembamba chenye mabawa mawili juu, yanayojibana yakiingia na kutanuka yakishapita. Kiwandani hawakukusudia kirudi nje. Ukivuta kichwa kikavu, vinaili haitanuki vya kutosha, mabawa yananasa, na kinachokatika ni kile kijiti. Ukizungusha ndiyo umemaliza kabisa, kwa sababu kijiti hakiwezi msokoto.

Chemsha maji, epua, yaache yapoe kidogo, yawe moto wa kukuzuia kuweka kidole lakini yasiwe yanatokota. Mwinamishe mwanasesere kichwa chini, kichwa peke yake kizame hadi kidevuni, dakika mbili tatu. Mtoe, mfunge kitambaa usiungue, kisha mbonyeze mashavuni kwa vidole viwili. Tundu la chini litageuka kuwa refu. Sasa usivute juu. Mwinamishe kichwa upande mmoja mpaka ukingo wa tundu upande juu ya bawa moja, utausikia ukiteleza. Hapo ndipo unapouleta upande wa pili. Kikikataa kirudishe majini, vinaili hupoa haraka kuliko unavyodhani, hasa ukiwa chini ya feni. Kukirudisha ni hivyo hivyo: kichwa kipate moto tena, kisha sukuma moja kwa moja chini.

Kama nywele za asili wazitaka na zina mawimbi ya kiwandani, acha maji. Zifunge kitambaa, tumia blodraya shingoni na kidevuni. Maji moto hunyoosha mawimbi yote. Wako hana cha kupoteza.

Kuhusu mwili, umeuliza kama uufungue wote. Sioni haja. Kiwiliwili ni magamba mawili yaliyounganishwa kiwandani, na kukipasua kwa kisu ni kutafuta kazi ya gundi na msasa. Ukitaka viungo vinavyokunjika, tafuta mwili mwingine wenye viungo na uhamishe kichwa. Wale Barbie wa Made to Move waliotoka 2015 wana viungo 22, wanakaa, wanakunja viwiko, wanashika kiuno. Linganisha rangi ya ngozi nje mchana, taa ya ndani hudanganya. Kuna wanasesere wa chapa nyingine: wa Monster High hutoka viganja na mikono kwa makusudi ili avalishwe kwa urahisi, na Bratz hutoka nyayo pamoja na viatu, kwa hiyo hao usiogope kuvuta hapo.

Tuje kwenye nywele, maana hapa ndipo nina la kusema. Zikate za zamani ziwe fupi kabisa, kisha ingiza koleo ndogo kupitia tundu la shingo uzivute kwa ndani. Usizing'oe kwa nje, unapanua matundu. Ukikuta ndani kuna gundi ya manjano inayonata, ndiyo sababu ya nywele kurudi kunata hata ukizifua kila siku. Baadhi ya wanasesere wa miaka ya 2000 na 2010 wana ugonjwa huo, na joto la pwani linauchochea. Kuipakia poda ni kuficha tu. Ikwangue yote itoke.

Nywele mpya unazo dukani: zile zile za kusuka watu, za kanekaloni. Kuchovya ncha za nywele kwenye maji ya moto baada ya kusuka unakujua; ila hizi hazipendi moto mkali, zikizidishiwa hujikunja na kukauka, kwa hiyo usizipitishie pasi ya nywele ya moto wa juu. Zichane, chukua kishungi chembamba mno, chembamba kuliko unavyotaka kuchukua, kwa sababu kikikunjwa katikati kinakuwa maradufu. Sindano ya kushonea ikate juu ya jicho ibaki na meno mawili, ichomeke kwenye mpini wa mti. Meno yakamate mkunjo wa kishungi, sukuma ndani ya tundu la zamani, chomoa sindano taratibu, nywele zibaki. Kichwa kiwe na uvuguvugu, kikipoa tundu linachanika. Anza ukingo wa usoni ukizunguka, kisha mstari wa kati kwa safu mbili zinazobanana, halafu ujaze. Sehemu ya kati ikiwa na safu moja, ngozi itaonekana hata umchane vipi. Ukimaliza, mwaga gundi ya kitambaa kwa ndani, ile inayobaki laini ikikauka. Gundi kali ya papo kwa papo inakuwa ngumu kama kioo na ukibonyeza kichwa tena inapasuka pamoja na kazi yako. Na kabla ya hayo yote hakikisha kichwa kimekauka ndani. Kiache kimepinduliwa usiku kucha. Kwa unyevu wetu huku, maji yakibaki humo yataota kuvu. Nyanya yangu hapendi kuona vichwa vimepangwa dirishani, asema vinamwangalia, basi mimi huvikaushia ndani ya kapu.

Ukitaka nywele za kipilipili, acha kanekaloni. Uzi wa sufu uliofumuliwa na kuchanwa kwa brashi ya waya unakaa vizuri na unabaki juu bila kulala. Wanasesere wa aina hii wenye ngozi nyeusi walikuwa wachache muda mrefu: Christie, rafiki yake Barbie, alitoka 1968, Barbie mwenyewe mweusi 1980, na huku Afrika Taofick Okoya wa Nigeria alianzisha wanasesere wa Queens of Africa 2007. Nasema haya kwa sababu wengi wanaokuja saluni na mwanasesere wa binti yao wanataka afanane na binti, na kinachowasumbua zaidi ya rangi ni nywele.

Uso. Asetoni kwenye pamba iliyokamuliwa, kichwa kikiwa kimetolewa, usogeze kidogo kidogo kwa kugeuza pamba kila mara, la sivyo unahamisha rangi ya midomo hadi kwenye paji. Dawa ya kufutia kucha yenye rangi ya waridi iache, huacha doa. Michoro ya kalamu shavuni asetoni huenda isiitoe, kwa sababu wino umeshaingia ndani ya vinaili. Hapo tumia krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi asilimia 10: paka doani tu, funika kwa plastiki, weka juani. Jua letu lina nguvu, chungulia kila baada ya muda, maana ukiiacha sana inapausha na ngozi iliyozunguka.

Baada ya hapo kinahitajika kinyunyizo cha kufanya ngozi iwe na mkwaruzo wa kushika penseli. Mr. Super Clear ndicho kinachosifiwa na wengi, na ni kikali. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wake. Nunua ile yenye vikopo viwili vya kaboni wanayovaa wapiga rangi za magari Mombasa, unyunyize nje. Lakini sikiliza: wakati wa masika usinyunyize. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, dawa hukauka na ukungu mweupe, uso wote unakuwa kana kwamba umepakwa majivu. Mimi hungoja siku kavu za kaskazi, saa za mchana, upande usiokuwa na upepo kwa sababu ya mchanga. Ukiwa na haraka, kaushia kichwa na kopo kwenye chumba chenye kiyoyozi kwanza. Tabaka jembamba, kauka, penseli ya rangi ya maji na poda ya chaki ya pasteli, tabaka jingine, kauka, tena. Rangi ya akriliki iwe nyepesi kwa maji, ije mwisho, kwa mboni, kope na mwanga wa jicho. Chora macho yote mawili pamoja, hatua kwa hatua. Ukimaliza moja ndipo uanze la pili, hayatalingana.

Umesema pia utamshonea leso. Vizuri, ila vipimo kwanza. Barbie ni mmoja kwa sita, kimo chake sentimita 29 hivi. Leso ya sentimita 150 kwa 110 ukiigawa inakuwa 25 kwa 18. Tatizo ni maua: korosho la leso ya mtu mzima litamfunika kifua kizima. Kata kwenye pindo, michoro ya hapo ni midogo. Halafu rangi: nyekundu na nyeusi zinahamia kwenye vinaili na hazirudi, na buibui ni mbaya zaidi ya leso. Loweka kitambaa, suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha mtilie bitana ya pamba nyeupe ndani. Hata hivyo usimwache amevaa miezi na miezi.

Sindano na mkasi vipanguse mafuta ukimaliza, chumvi ya hewa hii inakula chuma. Ukishatoa kichwa, kabla hujang'oa nywele, weka picha ya kile kifundo cha shingo hapa tukione. Kama bawa moja limeshakatika tangu huko alikotoka, usikirudishe kwa gundi. Kuna njia ya kupitisha skrubu ndogo, na nitakueleza nikiona imekatikia wapi.