Umekabidhiwa trekta la zamani la nyumbani: pa kuanzia

Trekta letu ni Massey Ferguson 135 la dizeli, silinda tatu. Aina hii ilianza kutengenezwa mwaka 1964, na injini yake ya Perkins ya lita 2.5 ni rahisi kuielewa kwa mtu mwenye subira. Lilikuwa la babu, likaja kwa baba, sasa ufunguo ninao mimi. Naandika kwa ajili yako wewe uliyekabidhiwa trekta la aina hii na kuambiwa ulitunze, bila mtu wa kukuonyesha pa kuanzia. Likiwa la aina nyingine, vipimo nitakavyovitaja viangalie kwanza kwenye kitabu chake. Utaratibu ni ule ule.

Jambo ninaloliamini kuliko yote ni kwamba usifungue kitu ambacho hujakipima. Sikuzaliwa nalijua. Mwaka wa kwanza trekta lilikuwa likiwaka kwa taabu asubuhi, stata inazunguka kwa unyonge kisha inakata. Tukanunua betri mpya, tukapata nafuu wiki mbili, hali ikarudi. Stata ikashushwa, ikabadilishwa brashi. Bado. Fundi mmoja akatuambia pampu ya dizeli imechoka, akataka kuifungua. Kabla hajarudi, nilijaribu kuliwasha mara tatu mfululizo, kisha nikagusa waya wa ethi, ule mnene unaounganisha betri na mwili wa trekta. Ukaniunguza kidole. Chini ya bolti yake kulikuwa na kutu, na juu ya kutu rangi, kwa sababu miaka ya nyuma trekta lilipigwa rangi pamoja na waya wake. Nikakwangua mpaka chuma kikang'aa, nikakaza. Likawaka mara moja.

Kisa hiki kina sababu yake. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni inabana hewa mpaka inapata moto wa kutosha kuwasha dizeli inayonyunyizwa. Stata ikizungusha polepole, hewa inavuja na joto linapotea kwenye kuta za silinda, kwa hiyo dizeli haiwaki hata kama pampu ni nzima. Siku hizi nina mita ya umeme. Naweka ncha moja kwenye nguzo ya betri iliyounganishwa na ethi, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, mtu anapiga stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ina tatizo. Kipimo hicho hakichukui hata dakika moja, na kingetuokoa na gharama ya betri na stata.

Katika miezi ile tulizoea pia jambo la hatari. Tulikuwa tunasimama chini, kando ya tairi, tunaunganisha stata kwa bisibisi. Siku moja trekta lilikuwa kwenye gia. Likawaka na kuruka mbele, na kilicholizuia ni tuta la udongo. Mimi nilikuwa nusu hatua pembeni. Tafadhali, liwashe ukiwa umekaa kwenye kiti, gia ikiwa huru. Ikishindikana, tafuta kwa nini imeshindikana.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Kabla ya spana yoyote, lioshe. Kwenye injini yenye utando wa oili na vumbi la miaka huwezi kuona panapovuja. Likishakauka, liwashe, zunguka nalo taratibu, kisha lala chini na tochi uangalie palipoanza kulowa. Andika kwenye daftari. Andika pia saa za kazi, na kama mita ya saa imekufa, kadiria mwenyewe kila jioni. Ratiba ya trekta huhesabiwa kwa saa, na bila daftari utajikuta unabadilisha oili kwa kukisia.

Halafu nenda kwenye hewa. Matrekta mengi ya zamani yana chujio la hewa lenye bakuli la oili: hewa inapita juu ya oili, vumbi linanaswa humo. Msimu wa vumbi lifungue kila siku kabla ya kazi. Ukikuta tope limetanda chini ya bakuli, mwaga, osha, weka oili mpya mpaka kwenye alama. Usizidishe. Oili iliyozidi inaweza kuvutwa na injini, na injini ya dizeli ikianza kula oili kupitia hewa, inaweza kupanda mzunguko na kukataa kuzimika hata ukivuta kizimio. Kagua pia mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini. Ukiwa na ufa, usafi wa chujio ni kazi bure, maana vumbi linaingia moja kwa moja kusaga ringi na silinda.

Upande wa dizeli, adui ni maji na uchafu. Mimi hujaza tanki jioni baada ya kazi, kwa sababu tanki lililo tupu nusu lina hewa, na usiku ule unyevu wa hewa unageuka matone. Asubuhi maji yametulia chini. Kama chujio lina bakuli la kioo au nati ya kumwagia, mwaga kidogo kwenye chombo cheupe utazame. Maji hukaa chini ya dizeli, utayaona.

Ukishabadilisha chujio la dizeli, injini itashika upepo, yaani hewa itaingia kwenye njia ya dizeli, na hapa ndipo wageni wengi hukata tamaa na kuivuta kwa trekta jingine. Hakuna haja. Fungua koki ya tanki. Kwenye pampu ndogo inayovuta dizeli, ubavuni mwa injini, kuna kijiti cha kupampu kwa mkono. Kama hakina nguvu, hakijaharibika: kemu, ile nundu inayozunguka ndani ya injini, imekisukuma mpaka mwisho. Zungusha injini kidogo, kitarudi. Legeza skrubu ya juu ya chujio, pampu mpaka povu liishe na dizeli itoke safi, kaza wakati bado inatoka. Rudia kwenye skrubu za pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozo, yaani vinyunyizio. Mwisho legeza nati za mabomba pale yanapoingia kwenye nozo, vuta mkono wa mafuta mpaka mwisho, piga stata mpaka dizeli idunde kwenye kila bomba, kaza, liwashe. Mara ya kwanza ilinichukua mchana mzima kwa sababu niliruka chujio nikaenda moja kwa moja kwenye nozo, na upepo ukawa unanifuata. Fuata njia ya dizeli kutoka tanki kwenda mbele, usiruke kituo.

Nozo zinanyunyiza kwa mgandamizo unaozidi mara 150 ule wa hewa ya kawaida. Mnyunyizo wake unapenya ngozi, na jeraha lake linaweza kuonekana dogo kama la sindano huku dizeli imeingia ndani. Usiweke kidole mbele yake. Ukipigwa, nenda hospitali mara moja, uwaeleze kuwa ni dizeli iliyoingia kwa nguvu.

Ikiwa injini inatembea kwa kukohoa, kuna njia nzuri ya kujua silinda iliyolala. Iache ikiunguruma taratibu, legeza nati ya bomba la nozo moja kwa spana, huku umefunika kwa kitambaa kinene na uso wako uko mbali. Mngurumo ukibadilika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usipobadilika, umempata mgonjwa. Peleka nozo hiyo ikapimwe kwenye mashine, na ukiirudisha weka washa (pete bapa) mpya ya shaba chini yake, kwa kuwa ya zamani imeshabanwa. Pampu kubwa yenyewe mimi siifungui. Ina sehemu zilizosawazishwa kwa vipimo vidogo mno na huhitaji mashine ya kuipima. Kuna heshima kubwa katika kujua mahali pa kuishia.

Kuseti tapeti, yaani nafasi kati ya valvu na roka (mkono mdogo unaoisukuma), ni kazi ninayoipenda. Injini iwe baridi, kizimio kivutwe, gia iwe huru. Fungua kifuniko cha juu, zungusha injini kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele mpaka pistoni ya silinda unayoishughulikia ifike juu kabisa kwenye mgandamizo. Utajua kwa kuwa roka zote mbili za silinda hiyo zinacheza kidogo ukizitikisa kwa vidole. Kwa injini yetu nafasi ni milimita 0.30 ikiwa baridi. Bati la kupimia lipite kwa ukinzani mdogo, kama karatasi inayovutwa kutoka chini ya kitabu. Ukibana zaidi, valvu haitakaa vizuri kwenye kiti chake, gesi ya moto itapita na kuiunguza. Ukiacha wazi, zitagonga na injini itapungua pumzi. Ukishakaza nati, pima tena, maana nati hupenda kuzunguka na skrubu. Baba alikuwa akisikiliza injini kwa ncha ya bisibisi ndefu, kishikio sikioni, akataja valvu inayogonga. Mimi sijafika huko, napima.

Moshi nao unasema. Mweusi mzito maana yake dizeli imezidi hewa: chujio limeziba, nozo inadondosha, au umeweka gia kubwa mno kwa mzigo huo. Wa buluu ni oili inayoungua, kupitia ringi au miongozo ya valvu. Mweupe asubuhi kwa dakika chache si tatizo. Ukiendelea injini ikiwa imepata moto, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja popote, shuku gasketi ya silinda hedi.

Kuhusu joto, kuna kosa moja nililolifanya kwa kufuata wengi: kuondoa thamostati, kile kilango kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, ili injini "ipoe". Ilipoa kupita kiasi. Injini iliyo baridi haiunguzi dizeli yote. Iliyobaki inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka kwenye oili ya chini, na silinda zinalika haraka. Nilirudisha thamostati baada ya kuipima kwenye sufuria ya maji ya moto: inapaswa kubaki imefunga maji yakiwa vuguvugu, na kufunguka yanapokaribia nyuzi 80. Chanzo halisi cha joto letu kilikuwa mbegu za nyasi zilizojaa katikati ya mapezi ya rejeta. Yasafishe kwa maji au hewa kutoka upande wa injini kwenda mbele, usiyagandamize zaidi ndani. Kifuniko cha rejeta usikiguse injini ikiwa ya moto.

Oili ya injini imwage ikiwa na joto, ili itoke na uchafu wake. Sisi tunatumia 15W-40, na chujio hubadilishwa kila mara pamoja nayo. Lakini kabla ya kumwaga, soma kijiti. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Kiwango kikipanda bila kuongeza, usifurahi: mpira wa ndani wa ile pampu ndogo ya kuvutia dizeli huenda umetoboka, na dizeli inashuka kwenye oili. Inuse. Injini inayofanya kazi na oili iliyochanganyika na dizeli inaua beringi zake kimya kimya.

Nyuma, kwenye trekta kama letu, gia na haidroliki vinatumia oili moja, kwa hiyo maji yakiingia kupitia kifuniko cha mkono wa gia kilichochanika, mikono ya kunyanyulia jembe nayo itaumia. Badilisha kile kifuniko cha mpira, ni kitu kidogo sana. Grisi ipige kwenye kila kiungo cha usukani na ekseli ya mbele, lakini futa kwanza kichwa cha kupokelea, vinginevyo unasukuma mchanga ndani. Endelea mpaka grisi ya zamani ichomoze. Breki za kushoto na kulia zishike sawa, na unapokwenda barabarani pedali zake zifungwe pamoja, kwani ukikanyaga upande mmoja kwa kasi trekta linaweza kupinduka. Shafti ya PTO, ile inayozunguka nyuma kuendesha zana, iwe na ngao yake, na injini izimwe kabla mkono wako haujaisogelea.

Kama lako ni la petroli, utashughulika na plagi, platini na kabureta badala ya nozo. Plagi ya rangi ya kahawia ina afya, yenye masizi meusi makavu inaonyesha petroli imezidi. Mengine mengi niliyoyasema hayabadiliki.

Msimu ukiisha, usiliegeshe tu. Badilisha oili kabla ya kulipumzisha, kwa sababu oili iliyotumika ina tindikali inayokaa juu ya beringi miezi yote hiyo. Jaza tanki. Toa waya wa betri na uichaji mara kwa mara. Funika mdomo wa bomba la moshi, mvua inaingia moja kwa moja mpaka kwenye valvu. Na jambo la mwisho ambalo sikuelezwa na mtu: kanyaga klachi mpaka chini, kisha kata kipande cha mti ukiweke kiishikilie hapo. Trekta likilala muda mrefu kwenye unyevu na klachi imeachiwa, sahani yake hushikana kwa kutu na flaiwili, lile gurudumu zito la injini, na siku ya kurudi shambani utakanyaga pedali na magurudumu yasiachie. Sisi tulilazimika kulitenganisha trekta katikati ili kuikwamua. Sasa kile kipande cha mti kina kamba, kimefungwa kwenye usukani, ili anayekuja kuliwasha akione kwanza.