Katika mchezo wa vyelezo, hatari iko gatini kuliko kwenye mawimbi

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna ubaya kuwapandisha wanao, mmoja wa miaka 8 na mwingine wa 11, kwenye ule mto wa kutengenezwa wenye vyelezo vya duara watakapokwenda Uingereza kwa mjomba wao, na umesema huoni hatari kwa kuwa maji yenyewe hayafiki kiunoni. Nilifanya kazi miaka mitatu kwenye mchezo wa namna hiyo katika bustani moja ya burudani huko Ghuba, hasa kwenye gati la kushushia abiria. Nitakujibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe na kwa ajali ambazo kila mfanyakazi wa mchezo huu anapaswa kuzijua.

Mchezo huu ulianzia AstroWorld, Houston, mwaka 1980, na msingi wake haujabadilika sana. Mawimbi yanayowatisha watu yamepangwa: sakafu ya zege ina vizuizi, mfereji hubanwa mahali fulani ili maji yaende kasi, na chelezo kimezungushiwa mpira wa hewa ili kikigonga ukuta kirudi bila kuumiza mtu. Kinachoubeba mto wote ni pampu kubwa zinazosukuma maji kutoka bwawa la chini hadi la juu. Pampu ikizimika, maji hukupwa kwa muda mfupi mno, na chelezo kilichokuwa kikielea hukaa kama ngalawa iliyopanda mwamba. Ikiwa wakati huo konveya, yaani mtambo wa kuzunguka unaopandisha vyelezo mwishoni mwa safari, bado inazunguka, chelezo kinachofuata kitakuja tu.

Ndivyo ilivyokuwa tarehe 25 Oktoba 2016 katika bustani ya Dreamworld, Gold Coast, Australia, kwenye mchezo wa Thunder River Rapids uliokuwa ukiendeshwa tangu 1986. Pampu moja kati ya mbili kubwa ilizimika, na siku hiyo ilikuwa imekwisha kuzimika mara mbili kabla. Chelezo kimoja kikakwama juu ya reli za chuma karibu na mwisho wa konveya, na konveya ikaleta kingine chenye watu sita. Viligongana, kile chenye watu kikanyanyuka wima, na konveya, ambayo mbao zake zilikuwa zimeachana mno, ikaendelea kuvuta. Watu wazima wanne walikufa. Watoto wawili walinusurika. Uchunguzi wa vifo uliotolewa Februari 2020 ulionyesha kwamba hapakuwa na kihisio cha kina cha maji ambacho kingesimamisha konveya bila kungoja mtu, bali waendeshaji walitazama kwa macho alama ya maji ukutani. Swichi ya dharura ya gatini ingesimamisha konveya kwa takriban sekunde 2. Mfanyakazi aliyekuwa karibu nayo, ambaye ilikuwa siku yake ya kwanza kwenye mchezo huo, alikuwa ameambiwa asijishughulishe nayo. Jambo hilo hunichoma kila nikilikumbuka, kwa sababu nimesimama mahali kama pale aliposimama yeye.

Kwetu kihisio kilikuwepo. Hata hivyo, alasiri moja nilisikia mvumo wa maji chini ya gati umebadilika, umekuwa mwembamba. Nilipotazama ukutani, mstari mwekundu ambao siku zote hufunikwa na maji ulikuwa umetokeza kiasi cha upana wa kiganja, na chini yake ukuta uling'aa kwa utelezi wa kijani. Chelezo nilichokishika kwa ndoano kiliacha kuyumba. Nyuma yake, juu ya konveya, ilikuwa inakuja familia, na mtoto wao alikuwa ananipungia mkono. Nilibonyeza swichi, na chelezo chao kikasimama kama hatua nne kutoka kile kilichokwama. Msimamizi wa zamu alipofika, swali lake la kwanza lilikuwa ni nani aliyeniruhusu kusimamisha mchezo wakati foleni ni ndefu vile. Fundi ndiye aliyefungua sanduku la umeme na kukuta kihisio kimerukwa kwa kipande cha waya, ili kisizime mchezo mara kwa mara.

Kupinduka kupo pia, ingawa ni nadra. Kulitokea Six Flags Over Texas mwaka 1999, na Adventureland, katika mji wa Altoona, Iowa, Julai 2021, ambako mtoto wa miaka 11 alifariki. Mwaka 2017 huko Uingereza kwenyewe, kwenye Splash Canyon ya Drayton Manor, mtoto wa umri huohuo alianguka kutoka kwenye chelezo akafa, na mwaka 2022 kampuni ilitozwa faini ya pauni milioni 1. Suala la mikanda ya viti si jepesi, kwa maana mkanda humzuia mtoto kusimama na kuanguka, lakini chelezo kikipinduka humfunga chini ya maji. Ndiyo maana ninaona mpira uliojaa hewa sawasawa na macho ya waendeshaji ni muhimu kuliko mkanda wenyewe.

Wanangu ningewapandisha, kwa masharti. Wote wawili wakae nawe katika chelezo kimoja, migongo yao iguse viti safari nzima, na asisimame mtu gatini mpaka mfanyakazi akishike chelezo na kuwaambia mshuke. Kabla ya kupanga foleni, simama dakika tano mahali unapoliona gati. Tazama kama vyelezo vinarundikana vikigusana mwishoni mwa konveya, kama vimekaa kwa usawa juu ya maji au kimoja kimeinama upande, na kama kuna mfanyakazi anayetazama maji huku swichi iko mahali anapoifikia bila kupiga hatua. Ukiona kila mtu pale anatazama simu, warudishe watoto, hata kama tiketi umeshalipia.