Usiguse `sort` inayotumiwa na wote

Ndugu yangu wa Nakuru, umeuliza kama kuna ubaya kuandika upya `sort`, amri ya JavaScript ya kupanga orodha, kwenye `Array.prototype`, mahali ambapo orodha zote huchukua amri zao, ili timu nzima ipangiwe namba sawasawa. Nakusihi usifanye. Mimi nilifanya.

Ilikuwa 2021, tuko wanne Kisumu, tunatengeneza mfumo wa malipo ya wakulima wa miwa upande wa Kakamega. JavaScript usipoielekeza hupanga kila kitu kama maneno, kwa hiyo tani 9, 10 na 100 hutoka 10, 100, 9. Nikaandika `sort` yangu inayolinganisha namba kwa `a - b`, nikaiweka kwenye faili linalosomwa kwanza. Ripoti ya uzito ikanyooka. Sikumwambia mtu.

Kumbe `sort` hupokea pia funksheni ya kulinganisha, yaani kanuni ya mwandishi ya kipi kitangulie, na yangu iliipuuza. Mwenzangu alikuwa anapanga madeni ya mbolea kwa tarehe ili mfumo ukate lile la zamani kwanza. Ukitoa rekodi moja kutoka kwa nyingine unapata NaN ("si namba"), na `sort` huihesabu NaN kama sifuri, yaani vitu viwili vimelingana. Orodha ikabaki vilevile ilivyotoka kwenye hifadhidata. Hakuna kosa lililoonyeshwa, hakuna kilichosimama. Tulijua siku mkulima alipokuja na karatasi yake mkononi, anauliza mbona amekatwa deni jipya na la msimu uliopita bado linamsubiri.

Mwenzangu alikagua msimbo wake siku mbili nzima, na ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Hilo linaniuma hadi leo. Mwishowe akachapisha `[].sort` yenyewe kwenye konsoli. Pale palipotakiwa kuandikwa `[native code]`, alama ya msimbo wa asili wa lugha, akakuta mistari yangu.

Usidhani kuongeza jina jipya ni salama. MooTools, maktaba ya zamani ya JavaScript, ilibandika `flatten` yake (ya kulainisha orodha zilizo ndani ya orodha) kwenye `Array.prototype` miaka mingi nyuma. 2018 vivinjari vilipotaka kuleta ya asili, kurasa za zamani zikaanza kuharibika, na lugha nzima ikaishia kutumia jina `flat`.

Lugha ya Python hukataa kabisa ubadilishe amri za `list`, orodha yake ya asili. JavaScript haitakukataza, kwa hiyo jizuie mwenyewe: andika `pangaNamba(orodha)` na ndani yake uite `sort((a, b) => a - b)`. Sisi sasa tunaita `Object.freeze(Array.prototype)`, inayoifunga isibadilishwe tena, maktaba zote zikishapakiwa. Ndani ya moduli (faili linaloingizwa kwa `import`), atakayejaribu kuibadilisha hupata kosa la TypeError papo hapo, kwenye mashine yake, kabla mkulima hajapanda matatu kuja kuuliza.